Mwenza wa Sheha

Naanza bila dibaji
hadithi yangu ya maji
na samaki muuaji
niliyenaye dukani.

Duka letu liko Wete,
si pana, usilipite;
saa na feni zozote
twazitengeneza ndani.

Mwenzangu aitwa Nyange,
ulimi wake wa nge,
hataki mtu asonge
karibu yake mezani.

Samaki? Sikumfuata:
Shaame alimleta
njia nzima akiteta
na kifuniko, ndooni.

Ana milia ya wino,
ni shibiri, mwenye meno,
na kimya chenye maneno
cha mdai barazani.

Nikamwita jina Sheha,
si kwa kufanya mzaha:
mgeni hapati raha
bila hati mkononi.

Nyumba yake ya kioo
ilikuwa, si ya leo,
kaunta, duka la nguo,
kule Jadida, pembeni.

Akakaa peke yake,
adui kivuli chake,
kioo na pua yake
vikigongana jioni.

Nikasema: "Atafutwe
mwenza mwema, na aletwe."
Nyange kasonya: "Akatwe,
atiwe kikaangoni."

Kwanza perege watatu,
wapole kushinda watu,
hawakukosea kitu
ila kuwepo nyumbani.

Asubuhi nikafika:
mmoja amekatika,
wa pili kajianika
juu ya bomba, hewani.

Wa tatu sikumuona,
ila Sheha amenona;
tukawa twatazamana
mimi naye, kiooni.

Nikaweka konokono,
ngome ngumu ya mfano;
siku tatu, mapambano,
ganda tupu mchangani.

Zuwena, wa feni mbovu,
akasema: "Hana wivu.
Mpe jike, mwenye nguvu,
atatulia, amini."

Jike nimtoe wapi?
Hapa pwani, mto upi
umzae? Ziwa lipi
lipo Pemba kisiwani?

Shaame akanambia:
"Yule si mwovu tabia,
ni mawe apigania,
shamba lake, na uani.

Mawe yote yahamishe,
mipaka yake ifishe,
kisha mgeni mshushe;
taa izime, kizani."

Nikamshusha kambale
wa mtaroni, mpole,
ndevu zake kama nywele
za kizee kitandani.

Sheha akahangaika
akitafuta mpaka,
kama aliyeamka
kwenye nyumba ya jirani.

Mchana ni wa mwenyewe;
kambale ndani ya mawe,
kimya, kama naye jiwe,
ndevu tu ndizo kazini.

Usiku Sheha hulala,
kambale atoka kula;
hana haraka, na wala
hamgusi ubavuni.

Miezi minane sasa
mmoja hajamtesa
mwenziwe; mapenzi hasa
hayapo, hapo majini.

Wamegawana masaa:
giza la huyu, na taa
ni ya yule. Wanakaa
kaunta moja, amani.

Siku moja nikakuta
meza yangu kaivuta,
bisibisi na mafuta
vimehamia kapuni.

Nikabaki kuzunguka,
natafuta, nikifoka;
Nyange ameshaondoka,
Sheha yupo, kiooni.

Kanikodolea jicho.
Alichonacho, ninacho.
Nikacheka kwa kificho
huku nimeketi chini.

Sasa naja saa moja,
alasiri Nyange huja;
ufunguo ni mmoja,
twauficha dirishani.

Jana kaacha kachori,
si salamu, si habari.
Nikaila kwa hadhari,
mgongo u ukutani.